Stephen au Matilda: taji la Uingereza mwaka 1135 lilikuwa la nani kwa haki?

Kitasa (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu.

Kuna kesi ya zamani inanisumbua na kila nikidhani nimeimaliza naona bado. Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza alifariki tarehe 1 Desemba 1135 huko Lyons-la-Forêt, Normandy. Mtoto wake wa ndoa aliyekuwa hai ni mmoja tu, binti yake Matilda, mjane wa Kaizari wa Ujerumani. Na mzee alikuwa ameshajipanga. Aliwaita makabaila wote wakubwa wa nchi, mara ya kwanza mwanzoni mwa 1127, mara ya pili Northampton mwaka 1131, akawaapisha kwamba akifa bila kupata mtoto wa kiume wa ndoa watamkubali Matilda.

Mmoja wa walioapa ni Stephen wa Blois, mtoto wa Adela, dada yake mfalme. Wala hakusukumwa: alishindana na Robert wa Gloucester, mtoto wa mfalme wa nje ya ndoa, ni nani atangulie kuapa!

Mfalme akafa. Wiki tatu baadaye, 22 Desemba, Stephen huyohuyo anavikwa taji Westminster na Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye naye alikuwa ameapa. Nchi ikaja kuingia kwenye vita ambavyo havikuisha mpaka 1153.

Msimamo wangu: kiti kilikuwa cha Matilda, Stephen ni mvunja kiapo na mporaji. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

Babu Ukwaju
Naweka kambi hapa. Wajuzi tiririkeni.

Nyakati
Mkuu Kitasa, umeanzia katikati. Bila 1120 kesi hii haieleweki.

Henry alikuwa na mtoto wa kiume wa ndoa, William. Jioni ya 25 Novemba 1120 msafara wa mfalme ulikuwa bandari ya Barfleur, Normandy, ukijiandaa kuvuka kurudi Uingereza. Mfalme akatangulia. Kijana na wenzake wa rika lake wakapanda Merikebu Nyeupe, chombo kipya, mvinyo ukagawiwa mpaka kwa mabaharia. Waking'oa nanga giza limeshaingia, wakapiga makasia kwa fujo ili wamfikie mfalme aliyekwisha kwenda. Hawakufika popote. Ubavu wa kushoto ukapiga mwamba palepale karibu na pwani. Orderic Vitalis, mtawa aliyeandika zama hizo, anataja watu kama 300. Aliyeokoka mpaka asubuhi ni mchinja nyama wa Rouen, maskini kuliko wote mle ndani, na kilichomsaidia kwenye baridi ile ni vazi lake la ngozi ya kondoo. Mabwana wenye hariri waliganda mmoja mmoja.

Sasa nani alishuka kabla chombo hakijaondoka? Stephen wa Blois. Tumbo lilikuwa linamsumbua, na aliona walevi wamezidi. Angebaki mle, uzi huu usingekuwepo.

Mwalimu wa Zamu
Mleta uzi, tatizo langu ni neno "haki". Haki kwa sheria ipi? Uingereza ya wakati ule haikuwa na sheria iliyoandikwa ya nani arithi taji. Angalia mtiririko wenyewe:

Januari 1066 Edward anakufa hana mtoto. Kesho yake Harold anavikwa taji. William wa Normandy anasema aliahidiwa yeye, na kwamba Harold mwenyewe aliwahi kumwapia. Harald Hardrada wa Norway naye anakuja na madai yake na jeshi lake. Wakati huohuo kuna kijana Edgar, mjukuu wa mfalme Edmund Ironside, mwenye damu ya kifalme kuliko hao wote watatu, na hakuna anayempa.

1087 William anakufa. Mkubwa, Robert, anapata Normandy. Uingereza anapewa mdogo wake, Rufus.

1100, tarehe 2 Agosti, Rufus anapigwa mshale akiwinda New Forest. Mdogo wao Henry, ambaye alikuwemo kwenye msafara ule wa kuwinda, anakwenda mbio Winchester kuishika hazina, na tarehe 5 Agosti anavikwa taji. Siku tatu! Kaka yake Robert alikuwa bado njiani anatoka vita vya msalaba. Halafu 1106 anampiga Robert huko Tinchebray na kumfunga mpaka anafia kifungoni 1134.

Sasa huyo Henry ndiye unayetaka neno lake lihesabiwe kuwa sheria. Stephen alifanya kilekile alichofanya mjomba wake: akavuka bahari haraka, London ikampokea, akaenda Winchester ambako ndugu yake mwenyewe, Henry wa Blois, ndiye alikuwa askofu, akashika hazina, akapakwa mafuta. Kwa desturi ya nchi ile, aliyepakwa mafuta kanisani ndiye mfalme.

Kitasa
Mwalimu, tofauti ipo. Henry hakuwa amemwapia mtu kwamba atamwachia kiti. Stephen aliapa. Ndiyo maana upande wake ulilazimika kutafuta namna ya kukifuta kile kiapo. Kama desturi ilitosha wasingehangaika.

Shangazi Mdogo
Uzi huu umenigusa. Kwetu baba aliita kikao cha ukoo kabla hajazidiwa, akasema shamba la juu na nyumba kubwa asimamie dada yetu mkubwa, kwa sababu ndiye aliyebaki naye miaka yote. Kila mtu alikubali, baba wadogo wakiwa wa kwanza. Baba alipofariki, matanga hayajaanuliwa, baba mdogo mmoja akasimama akasema siku ya mwisho hospitali marehemu alibadili mawazo akiwa naye peke yake. Wodini siku hiyo nilikuwepo mimi. Huyo baba mdogo hakuwepo. Lakini alishasema mbele za watu, na waliotaka kumwamini wakapata pa kushikia. Hadi leo ile nyumba haina amani.

Kwa hiyo nauliza, na Stephen alileta shahidi wa namna hiyo?

Nyakati
Shangazi, pole sana. Na jibu ni ndiyo, karibu vilevile. Hugh Bigod, kabaila wa mashariki ya nchi, alikwenda mbele ya Askofu Mkuu akaapa kwamba mfalme akiwa kitandani alimkataa Matilda na kuwafungua watu kiapo chao. Askofu Mkuu akalipokea hilo, akamvika Stephen taji. Baadaye upande wa Matilda walikana kabisa kwamba Bigod alikuwepo mfalme alipokata roho.

Na Bigod huyo wala hakuwa mtu wa Stephen wa kudumu. Alikuja kumwasi zaidi ya mara moja.

Jiwe Gizani
Mnazunguka sana. Jibu ni moja: alikuwa mwanamke. Sheria ya Wasaliki ilikataza mwanamke kurithi kiti. Basi.

Mwalimu wa Zamu
Jiwe Gizani, hapo hapana. Hiyo sheria ya Wasaliki iliingizwa kwenye mambo ya taji la Ufaransa karne ya 14, miaka mia mbili baada ya Matilda. Uingereza haikuwahi kuitumia.

Na watawala wanawake walikuwepo zama hizohizo. Urraca alitawala León na Castile kuanzia 1109 mpaka 1126. Melisende alirithi Yerusalemu kwa baba yake mwaka 1131. Tena sikia hili: mume wa Melisende ni Fulk wa Anjou. Fulk ni nani? Baba yake Geoffrey. Geoffrey ni nani? Mume wa Matilda! Yaani mkwe wa Matilda aliiacha Anjou akaenda kuwa mfalme kupitia mke aliyerithi. Kwa hiyo familia ile ilijua vizuri kwamba jambo hilo linawezekana.

Jiwe Gizani
Kuwezekana Yerusalemu si kukubalika London. Hao makabaila walimtaka mtu wa kuongoza jeshi vitani. Melisende mwenyewe alitawala pamoja na mume. Hoja yangu inabaki palepale.

Mtu wa Ghuba
Jiwe Gizani kakaribia lakini kakosa kidogo. Shida haikuwa mke, ilikuwa mume. Wanormandy na watu wa Anjou walikuwa mahasimu wa mpaka kwa vizazi. Halafu unamwambia kabaila wa Normandy kwamba binti wa mfalme anaolewa na Geoffrey wa Anjou, kijana ambaye hajatimiza hata miaka 15, mwanamke ana 26 na ameshakuwa mke wa Kaizari. Ndoa ilifungwa Le Mans Juni 1128. Matilda mwenyewe hakuipenda, na wenyewe kwa wenyewe waligombana wakatengana kwa muda.

Roger, askofu wa Salisbury, alikuwa akisema wazi kwamba yeye aliapa kwa sharti kwamba mfalme hatamwoza binti nje ya nchi bila kuwashirikisha. Mfalme akamwoza bila kuwauliza wengi wao. Kwa hiyo kwa mtazamo wa Roger, mfalme ndiye aliyevunja wa kwanza.

Na mwaka ule wa mwisho, 1135, Geoffrey na Matilda walikuwa kwenye ugomvi wa wazi na mzee kuhusu ngome za mpakani Normandy. Ndiyo maana mzee alipokufa Matilda alikuwa upande wa mumewe, mbali na kitanda cha baba yake na mbali zaidi na Winchester. Alikuwa mjamzito pia. Stephen alikuwa Boulogne, safari ya baharini ya siku moja kufika Kent.

Kamongo wa Ziwa
Samahani nje ya mada kidogo. Nimesoma mahali kwamba huyu Henry aliuawa na samaki. Ni kweli au porojo?

Nyakati
Inasimuliwa na Henry wa Huntingdon, mwandishi wa wakati uleule. Mfalme alitoka kuwinda, akala samaki waitwao lamprey ambao daktari alikuwa amemkataza, akaugua, baada ya siku chache akafa. Umri ulikuwa zaidi ya miaka 65 tayari, kwa hiyo usiwalaumu samaki peke yao.

Kamongo wa Ziwa
Huyo lamprey si ndiyo kamongo wetu? Mrefu, mtelezi.

Bint Vanga
Mwanza mnataka kila kitu kiwe kamongo 😂 Lamprey hana taya kabisa. Mdomo wake ni duara lililojaa meno, anajibandika kwa samaki mwenzake na kumfyonza damu. Kamongo ana taya za kukukata kidole na ana mapafu juu yake. Kwa umbo labda ungemtaja mkunga wa huku pwani, na hata mkunga ana taya.

Kamongo wa Ziwa
Nimeelewa dada. Basi kamongo ameachiwa huru, endeleeni na kesi.

Bint Vanga
Ndiyo naingia kwenye kesi sasa. Mbona hakuna aliyeitaja fedha? Stephen alikuwa ameoa Boulogne. Mke wake ndiye mrithi wa Boulogne, na Boulogne ndiyo iliyoshika kivuko kifupi cha bahari na njia ya kwenda Flanders, ambako sufu ya Uingereza ilikuwa ikifumwa. Mfanyabiashara wa London akiamka asubuhi anajiuliza: mwenye bandari ya ng'ambo ni nani? Akiwa mfalme wangu ni mwenye bandari, nimepona. Ndiyo sababu London ilimshangilia Stephen siku ya kwanza, na ilimng'ang'ania hata upande wa Matilda ulipokuja kumteka na kumfunga mwaka 1141. Watu wa London walidai hata kwamba kumchagua mfalme ni haki yao.

Mtu wa bandarini ataielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Babu Ukwaju
Nimepotea njia. Nikisoma habari hizi kwingine, mbona mara Matilda anafukuzwa London, mara Matilda anaongoza jeshi la Stephen? Ni Matilda gani huyo?

Mwalimu wa Zamu
Babu, ni wawili, na ni mtu na binamu yake. Matilda binti wa mfalme, mjane wa Kaizari, tumwite Matilda wa Kaizari. Na Matilda wa Boulogne, mke wa Stephen. Mama zao walikuwa mtu na dada yake, mabinti wa mfalme Malcolm wa Uskoti. Mfalme David wa Uskoti ni mjomba wa wote wawili. Aliapa kwa ajili ya mmoja, akavamia kaskazini mwa Uingereza kwa jina lake, akapigwa karibu na Northallerton Agosti 1138 na jeshi lililosimamia upande wa mume wa mwingine.

Ukitaka kujua ni nani aliyeokoa kiti cha Stephen, ni huyo wa Boulogne. Mume kafungwa, yeye anakusanya mamluki, anabembeleza London, anazingira maadui.

Mtu wa Ghuba
Hapo kwenye kufungwa Stephen tusipite haraka, maana ndipo kesi ilipokaribia kuisha.

Tarehe 2 Februari 1141, Lincoln. Ranulf wa Chester alikuwa ameichukua ngome ya mji kwa hila, Stephen akaja kuizingira. Robert wa Gloucester, ndugu wa Matilda wa nje ya ndoa, akaja na jeshi akivuka maji na matope ya majira ya baridi. Washauri wa Stephen wakamwambia mfalme, hawa ni wengi, ondoka ukajipange. Akakataa. Vita vilipoanza wapanda farasi wake wakubwa walikimbia karibu mara moja. Yeye alikuwa chini, kwa miguu, katikati ya watu wake. Akapigana kwa upanga mpaka ukavunjika. Akashika shoka, nalo likavunjika. Mwishowe akapigwa jiwe la kichwa, akaanguka, na askari mmoja aitwaye William wa Cahaignes akamkamata kwa kofia yake ya chuma huku anapaza sauti: njooni, nimemshika mfalme!

Akapelekwa Bristol. Mfalme aliyepakwa mafuta, kifungoni. Sasa Mwalimu, desturi yako inasemaje hapo?

Mwalimu wa Zamu
Inasema hivi: Aprili 1141 Matilda alitangazwa Winchester kuwa Bibi wa Waingereza. Hakutangazwa Malkia. Ili awe malkia ilibidi apakwe mafuta Westminster, na ili afike Westminster ilibidi London imkubali. Stephen alibaki mfalme hata kifungoni, kwa sababu mafuta hayafutiki. Na aliyemtangaza Matilda ni nani? Henry wa Blois, askofu, ndugu wa damu wa Stephen. Miezi michache baadaye akarudi upande wa ndugu yake.

Jiwe Gizani
Na hapo ndipo Matilda mwenyewe alipoharibu. Anafika London badala ya kuwashukuru watu anawatoza kodi nzito, anawafokea, mke wa Stephen anaomba mtoto wake Eustace apewe angalau urithi wa mama yake, anakataa. 24 Juni 1141 kengele zikagongwa, watu wakatoka na silaha, yeye akakimbia akaacha chakula mezani. Kiburi kilimponza.

Shangazi Mdogo
Kiburi! Niambie, Henry baba yake alimfunga kaka yake miaka 28, aliitwa mwenye kiburi? Stephen mwaka 1139 aliwakamata maaskofu wawili, Roger wa Salisbury na mpwa wake Alexander wa Lincoln, akawanyang'anya ngome zao. Hiyo ikaitwa nini? Mwanamke akidai kodi kama mfalme yeyote aliyekuta hazina imekauka, huyo ana kiburi.

Na maelezo hayo ya kufoka yametoka kwa nani hasa?

Nyakati
Shangazi yuko sahihi kuuliza. Maelezo makali zaidi yametoka kwa mwandishi wa Matendo ya Stephen, na jina la kitabu linajieleza. William wa Malmesbury, aliyemwandikia Robert wa Gloucester, anaisimulia habari hiyohiyo kwa upole zaidi. Lakini hata yeye hafichi kwamba Matilda hakusikiliza ushauri wa Robert. Kwa hiyo hatuwezi kusema yote ni uzushi.

Jiwe Gizani
Asante Nyakati. Nimemaliza.

Shangazi Mdogo
Hujamaliza chochote, kaa hapo 😄

Mkazi wa Reading
Habari za jioni. Naandika nikiwa Reading, Uingereza, nafanya kazi za usiku na njia yangu ya kurudi nyumbani inapita kwenye magofu ya abasia. Ndipo alipozikwa huyo Henry mwanzoni mwa 1136, kwenye abasia aliyoianzisha mwenyewe. Stephen alihudhuria mazishi akiwa ameshavikwa taji. Kuta zilizobaki ni mawe meusi yaliyochongoka, zile jiwe laini za nje ziling'olewa zamani zikaenda kujenga mambo mengine. Ubavuni kuna jengo la gereza la zamani. Kaburi lenyewe halijulikani lilipo kwa hakika. Asubuhi nikipita hapo huwa nawaza yule mzee alivyohangaika na viapo vyake.

Nimewahi pia kwenda Oxford. Mnara wa mawe wa ngome ile bado umesimama. Desemba 1142 Stephen alikuwa amemzingira Matilda mle ndani karibu miezi mitatu, chakula kimekwisha. Usiku, theluji imefunika kila kitu, akatoka na watu wachache wamejifunika nguo nyeupe, wakapita katikati ya walinzi wa Stephen, wakavuka mto Thames kwa miguu juu ya barafu, wakatembea mpaka Abingdon, wakapata farasi wa kuwafikisha Wallingford. Ukisimama pale chini ya mnara ndipo unaona ujasiri wa yule mama. Mwaka mmoja nyuma, akikimbia Winchester, kuna mwandishi wa Worcester anayesema alifungwa kwenye machela ya maiti akabebwa kama marehemu.

Babu Ukwaju
Huyo mama apewe taji tu jamani.

Mtu wa Ghuba
Babu, huruma si hoja. Na katika kukimbia huko Winchester, Septemba 1141, Robert alikamatwa akiwa nyuma anazuia maadui ili dada yake apate kupita. Matilda akabaki na mfungwa mmoja wa maana, Stephen, na upande wa Stephen wakabaki na Robert. Novemba wakabadilishana. Ushindi wote wa Lincoln ukawa umerudishwa. Kama kuna mtu aliyestahili kuwa mfalme kwa uwezo ni Robert. Mtoto wa mfalme, jemadari, mwaminifu. Kosa lake ni kuzaliwa nje ya ndoa tu, na William aliyeiteka Uingereza 1066 naye alizaliwa nje ya ndoa!

Kitasa
Na hapa niulize wanaomtetea Stephen kwa damu. Stephen alikuwa na kaka wakubwa. Theobald wa Blois alikuwa hai, mkubwa kwake. Makabaila wa Normandy walikuwa kwenye mazungumzo ya kumpa Theobald, ndipo habari zikafika kwamba Stephen ameshavikwa taji. Basi kama ni damu ya Adela, ni Theobald. Kama ni damu ya Henry, ni Matilda. Stephen anaingilia mlango gani?

Mwalimu wa Zamu
Mlango wa Papa. Innocent wa Pili alimthibitisha mwaka 1136. Matilda akakata rufaa, ikasikilizwa Roma 1139. Na hoja ya upande wa Stephen ilikuwa nzito: walisema Matilda si mtoto halali, kwa sababu mama yake, Edith wa Uskoti, alikuwa mtawa. Alilelewa kwenye nyumba za watawa za Romsey na Wilton na kuna walioshuhudia amevaa shela.

Sasa Edith mwenyewe alikuwa ameshajibu hilo mwaka 1100 mbele ya Askofu Mkuu Anselm: shangazi yake ndiye aliyemvika shela kwa nguvu kumlinda na askari wa Kinormandy, na yeye akiwa peke yake alilivua, akalitupa chini na kulikanyaga. Anselm akakubali, ndoa ikafungwa. Papa hakubatilisha uthibitisho wa Stephen.

Bint Vanga
Na watu wa kawaida? Tunazungumza mataji tu. Watawa wa Peterborough waliandika kwa Kiingereza cha wakati ule kwamba watu walikuwa wakisema waziwazi Kristo na watakatifu wake wamelala. Mwenye ngome alimkamata mkulima, akamtesa mpaka atoe alichonacho, kijiji kinachomwa, ardhi hailimwi. Huo ndio urithi wa kiapo kilichovunjwa.

Mtu wa Ghuba
Au ni urithi wa mfalme mpole kupita kiasi. Matilda alipotua Arundel 1139 Stephen alikuwa naye mkononi, akampa ulinzi aende Bristol kwa ndugu yake! 1147 mtoto wa Matilda, Henry, kijana wa miaka 14, alikuja na mamluki wachache, akaishiwa fedha ya kuwalipa. Stephen akamlipia, akamrudisha kwao. 1152 huko Newbury alimshika mateka mtoto wa John Marshal, kabaila wa upande wa Matilda, kijana mdogo kabisa. Baba akajibu kwamba anyongwe tu, nyundo na fuawe za kufulia watoto wengine anazo. Stephen akashindwa kumnyonga. Yule mtoto akaja kuwa mwangalizi wa nchi nzima mwaka 1216.

Mtu mwema. Lakini makabaila walimpima wakaona hana makali.

Shangazi Mdogo
Kutomnyonga mtoto mnakuhesabu udhaifu? Hapo mimi kwa mara ya kwanza namsifu Stephen.

Ila nina swali. Henry, huyo mtoto wa Matilda, alirudi 1153 akiwa ameshaishika Normandy na ameoa Eleanor wa Aquitaine. Agosti mwaka huo Eustace, mtoto wa Stephen, akafariki. Novemba wakapatana: Stephen atawale mpaka afe, Henry amrithi. Akafa Oktoba 1154, Henry akavikwa taji Desemba. Sawa. Lakini Stephen alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, William. Mbona huyo hakudai?

Nyakati
Alilipwa. Mapatano yalimwachia Boulogne ya mama yake na mashamba makubwa ya Warenne aliyoyapata kwa mkewe. Akamwapia Henry, tofauti na baba yake akakishika kiapo. Alifariki 1159 akirudi kutoka vita vya Toulouse, kwenye jeshi la Henry huyohuyo.

Na hakuacha mtoto. Boulogne ikabaki kwa dada yake, Mary. Mary alikuwa mtawa, tena mkuu wa watawa wa Romsey. Akatolewa utawani, akaozwa kwa mtoto wa mtawala wa Flanders.

Kitasa
Romsey ileile? Mwaka 1139 wanamkataa Matilda kwa kuwa mama yake alivaa shela Romsey akiwa msichana, halafu binti wa Stephen, aliyekula kiapo cha utawa kweli, anatolewa Romsey anaolewa?

Mwalimu wa Zamu
Ileile. Alizaa mabinti wawili, wakahesabiwa halali. Mkubwa, Ida, ndiye aliyeirithi Boulogne.